Msimwite Bondia Mwoga

Asubuhi ya Jumapili, Mei 3, 2015, nilikuwa kwenye benchi la kibanda umiza kimoja Manzese tangu saa tisa usiku. Las Vegas ilikuwa bado Jumamosi. Kiingilio kilikuwa mara mbili ya siku za mpira na hakuna aliyelalamika, maana pambano hilo tulilisubiri tangu tukivaa sare za shule. Mjomba wangu, aliyepiga ngumi za ridhaa ujanani na pua yake inathibitisha, alikuja na chupa ya chai ya tangawizi. Floyd Mayweather na Manny Pacquiao walianza kupigana jua limeshatoka. Raundi kumi na mbili zikaisha bila mtu kuanguka. Majaji wakampa Mayweather: 118-110, 116-112, 116-112. Mjomba akafunga kifuniko cha chupa yake, akasema, "Hawa walitakiwa wapigane wewe ukiwa kidato cha pili."

Alikuwa sahihi hata kwa mwaka. Mazungumzo ya kwanza ya pambano hilo yalifanyika mwishoni mwa 2009, na lengo lilikuwa Machi 2010. Mayweather alikuwa na miaka 32, Pacquiao anaingia 31. Walipokutana, mmoja alikuwa na 38 na mwingine 36. Katikati hapo Juan Manuel Márquez alikuwa amemlaza Pacquiao kifudifudi Desemba 2012, na usiku wenyewe wa Las Vegas Pacquiao alipanda ulingoni na bega la kulia bovu ambalo baadaye lilifanyiwa upasuaji. Tulichouziwa 2015 kilikuwa kumbukumbu ya pambano la 2010.

Na miaka yote hiyo sisi tulikuwa tunabishana nini? Nani anamkimbia nani. Bwenini, kwenye daladala, kwenye simu: Floyd mwoga, hapana, Pacquiao anaogopa sindano. Nami nilikuwemo, tena kwa kelele. Ndiyo maana naandika haya kwa hasira kidogo: tulikuwa tunawafanyia mapromota kazi ya bure. Kila tulipomwita bondia mwoga, aliyeshika kalamu na mkataba alipumua.

Sitaki kuipuuza hoja ya sindano. Upande wa Mayweather ulitaka vipimo vya damu vya kushtukiza, upande wa Pacquiao ukakataa masharti, mazungumzo yakavunjika. Huo ulikuwa ugomvi wa kweli. Lakini ugomvi wa namna hiyo hutatuliwa mezani na watu wanaotaka utatuliwe, na 2015 wote wawili walipimwa. Kilichokuwa kigumu zaidi ni kwamba promota wa Pacquiao alikuwa Bob Arum wa Top Rank, na Mayweather alikuwa amelipa dola 750,000 mwaka 2006 ili atoke kwenye mikono ya Arum huyohuyo. Kisha likaja suala la televisheni. Pacquiao alikuwa HBO. Mayweather akahamia Showtime mwaka 2013. Hapo hata kama mabondia wangekubaliana kwenye foleni ya uwanja wa ndege, bado makampuni mawili yanayochukiana yalipaswa kugawana usiku mmoja. Yaliwahi kufanya hivyo mara moja tu, 2002, kwa ajili ya Lennox Lewis na Mike Tyson.

Bondia wa kulipwa ana vitu viwili vya kuuza, mwili wake na rekodi yake. Mwili unaharibika kila kambi ya mazoezi. Promota anauza tarehe, na tarehe haiozi. Arum alizaliwa 1931. Pambano la Mayweather na Pacquiao lilimkuta na miaka 83, akaendelea na kazi kama kawaida. Mtu wa aina hiyo ukimwambia "subiri miaka miwili" hujamwambia kitu. Mwambie hivyo bondia wa miaka 31.

Huyohuyo Arum ndiye aliyelipa jambo hili jina la jikoni. Alikuwa na mabondia wawili wa uzito wa unyoya, Juan Manuel López wa Puerto Rico na Yuriorkis Gamboa wa Cuba, wote hawajapoteza, wote wako Top Rank. Hakukuwa na kampuni pinzani ya kulaumiwa wala televisheni ya kusingizia. Mashabiki wakalidai pambano. Jibu likawa kwamba liachwe kwanza lilowe viungo, kama nyama inayosubiri jiko. Aprili 2011 López akapigwa na Orlando Salido katika raundi ya nane, nyumbani kwao Puerto Rico. Nyama ikaharibika ndani ya bakuli. Gamboa na López hawakukutana enzi ile watu walipokuwa wakiwagombania, na sidhani kama kuna mtu ofisini aliyekosa usingizi kwa hilo.

Kwa hiyo mtu anayeniambia kwamba tatizo ni "uhasama wa mapromota" namkubalia nusu. Uhasama upo. Ila pia ni kisingizio kizuri sana, kwa sababu kinafanya kuchelewesha kuonekane kama ajali ya hali ya hewa wakati ni uamuzi wa mtu.

Tazama Errol Spence na Terence Crawford. Spence alichukua mkanda wa IBF mwaka 2017, Crawford akachukua wa WBO mwaka uliofuata, uzito uleule wa welter, na hakuna kati yao aliyewahi kupoteza. Crawford alikuwa kwa Arum, Spence upande wa Al Haymon. Pambano lilikuja Julai 29, 2023, baada ya Crawford kumaliza mkataba wake Top Rank na kubaki huru. Kabla ya hapo Spence alikuwa ameshapinduka na gari Oktoba 2019 na kutolewa kwenye pambano la 2021 kwa jeraha la jicho. Crawford alimwangusha mara tatu na mwamuzi akasimamisha raundi ya tisa. Mimi naamini Crawford angeshinda hata 2019. Lakini imani yangu ndiyo yote niliyo nayo, na wenzangu wanaobisha nao wana imani yao tu, kwa sababu yule Spence wa 2019 hakuna aliyempandisha ulingoni na Crawford. Kazi ya ngumi ni kumaliza ubishi wa namna hiyo. Hapa iliuacha.

Mapromota wana utetezi, na si wa kipuuzi. Watakwambia pambano la 2015 liliuzwa kwa watu milioni 4.6 Marekani, karibu dola 100 kila mmoja, na kwamba 2010 lisingeingiza pesa hizo. Ni kweli. Pacquiao mwenyewe aliondoka na fedha ambazo bega zima la 2010 lisingempa. Jambo ni kwamba hesabu hiyo hupigwa siku zote kwa wale waliofika. López hayumo. Hatuna orodha ya waliosubiri siku yao kubwa wakapigwa njiani na mtu asiyetajwa kwenye bango.

Sisi wa huku tunamjua vizuri huyo mtu asiyetajwa kwenye bango, maana mara nyingi ni wa kwetu. Mabondia wetu huitwa Ulaya zikiwa zimebaki siku chache, kuziba nafasi, kona ya wageni, ili mwenyeji aongeze ushindi. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga aliitwa hivyo Birmingham kupigana na Sam Eggington. Alimmaliza raundi ya pili. Tulishangilia kama taifa, na tulikuwa na haki. Ila usiku ule ulifichua pia namna mapambano yanavyopangwa: kuna mmoja aliyelindwa na mmoja aliyeagizwa, na hofu kubwa ya promota ni kwamba aliyeagizwa anaweza kuwa bondia kweli. Hofu hiyohiyo, ikipandishwa ngazi, ndiyo inayowaweka mabingwa wawili mbalimbali kwa miaka mitano.

Halafu zikaja pesa za Saudi Arabia. Eddie Hearn wa Matchroom na Frank Warren wa Queensberry walikuwa mahasimu wa miaka mingi. Uingereza nzima iliambiwa hawawezi kufanya kazi pamoja. Desemba 2023 walikuwa Riyadh kwenye usiku mmoja. Juni 1, 2024 wakaleta mabondia watano watano washindane, na Warren akashinda tano bila. Oktoba mwaka huohuo Artur Beterbiev na Dmitry Bivol wakapigania mikanda yote minne ya uzito wao, Beterbiev akiwa na miaka 39. Ukuta tulioambiwa hauvunjiki ulifunguka kama mlango, mara tu mtu wa tatu alipolipa.

Wapo wanaosema tushukuru. Mapambano nimeyafurahia, siwezi kudanganya. Lakini kama hundi moja inatosha kumaliza uhasama wa miaka, basi kwa miaka yote ile hapakuwa na kizuizi, palikuwa na bei. Na sasa bei inapangwa na mlipaji mmoja. Zamani ungeweza angalau kuhama kutoka kwa promota huyu kwenda kwa yule. Siku mlipaji huyo akichoka, au akiamua fulani hamfurahishi, bondia ataenda wapi?

Kuna wanaotaka mashirika ya mikanda yalazimishe mabingwa kupigana. Yanajaribu, ndiyo maana kuna mpinzani wa lazima. Desemba 1992 Riddick Bowe alitakiwa kumkabili Lennox Lewis, aliyekuwa amemsimamisha raundi ya pili kwenye fainali ya Olimpiki ya Seoul 1988. Bowe alikwenda London, akautupa mkanda wa WBC kwenye pipa la taka mbele ya waandishi. Picha zilitoka dunia nzima, watu wakacheka, wakasema Bowe mwoga.

Bowe na Lewis hawakuwahi kupigana katika ngumi za kulipwa. Wote walistaafu, na wote sasa ni watu wazima wenye mvi. Mjomba bado hulitaja pambano lao akinywa chai, raundi kwa raundi, na huwa anampa Bowe mpaka ya sita.