Wewe ukimlipa mwenyeji ziwani ni ujanja, staa akimlipa anaondolewa

OKTOBA 1971, wavuvi 24 wa Marekani walipandishwa ndege bila kuambiwa wanakwenda kushindana wapi. Walipokuwa angani ndipo mratibu wao, Ray Scott, alipowatangazia: Lake Mead, jimbo la Nevada. Hakuna aliyepata muda wa kumpigia simu mtu wa kule, wala kutanguliza ndugu akachungulie maji. Bobby Murray akashinda, akabeba dola 10,000, na hiyo ndiyo ikawa Bassmaster Classic ya kwanza, mashindano ambayo wavuvi wa samaki aina ya besi wanayaona kama sisi tunavyoiona fainali ya Ligi ya Mabingwa.

Sasa litazame jambo hilo kwa macho ya soka. Simba au Yanga ikipangwa kucheza Algeria, siku kadhaa kabla ya mechi kuna watu wameshatangulia. Wanaangalia hoteli, chakula, uwanja wa mazoezi, nyasi zikoje, baridi ya usiku ikoje. Hakuna anayewaita wezi. Kinyume chake, wasipotangulia na timu ikafungwa, viongozi ndio wanaobeba lawama.

Scott alitaka kitu kingine. Alitaka kujua nani ana uwezo wa kusoma maji asiyoyajua. Ziwa la siri liliachwa baadaye, lakini wazo lake bado linaishi ndani ya kanuni. Kwenye Elite Series, ligi ya juu ya B.A.S.S., ratiba ikishatangazwa mshindani haruhusiwi kuomba wala kununua taarifa za ziwa husika kutoka kwa wenyeji. Kumkodi mwongozaji wa pale akuzungushe na kukuonyesha wanakolala samaki ni kosa la kukutoa mashindanoni. Una siku chache za mazoezi rasmi, una ramani ambazo kila mtu anazo, mengine ni kichwa chako.

Binafsi nakubaliana na kanuni hiyo. Ila ina tundu, na tundu lenyewe ndilo linalogombaniwa kwenye mchezo huo kwa sasa.

Mwaka 2018 kampuni ya Garmin iliingiza sokoni LiveScope, sona inayokuonyesha samaki mbele ya boti yako moja kwa moja, kama unaangalia mechi kwenye televisheni. Unamwona anavyosogelea chambo, unamwona anavyokikataa. Kumbe umemfungia mwenyeji mlango, halafu umefungua dirisha kwa mashine. Machi 2025, kijana wa miaka 22, Easton Fothergill, alishinda Classic pale Lake Ray Roberts, Texas, kwa karibu kilo 35 za samaki 15 ndani ya siku tatu. Rekodi. Sona hiyo ilikuwa miongoni mwa zana zake, na hakuvunja kanuni yoyote. Lakini wakongwe waliotumia miaka 20 kujifunza ziwa kwa mikono walinuna, na unawaelewa.

Msimu huohuo B.A.S.S. waliweka kikomo cha ukubwa wa skrini kwenye boti, inchi 55 kwa jumla. Wenzao wa Major League Fishing wakaamua kwamba kwenye Bass Pro Tour sona hiyo itumike kipindi kimoja tu kati ya vitatu vya siku. Ukiniuliza mimi, hawa wa pili wamelielewa tatizo vizuri zaidi. Skrini ndogo bado inaona samaki.

Hayo ni ya mastaa. Tuje kwa mtu wa kawaida, mwenye fimbo yake na likizo ya siku nne.

Huyu amlipe mwenyeji, tena siku ya kwanza, siyo ya tatu akishakata tamaa. Mfano mzuri ni Lake Fork, kulekule Texas. Ni bwawa lililotengenezwa na watu mwaka 1980, ekari 27,000, na miti mingi iliachwa imesimama kabla maji hayajapanda. Leo miti hiyo mikavu ndiyo nyumba ya besi. Ndiyo pia inayopasua boti ya mgeni anayekimbia bila kujua njia ilipo. Januari 1992 ziwa hilo lilitoa besi wa zaidi ya kilo 8, ambaye ni rekodi ya jimbo, na tangu hapo watu wanamiminika. Halafu lina sheria yake: besi mwenye urefu kati ya inchi 16 na 24 hurudishwa majini. Mgeni anaweza kujikuta na faini kabla hajajua amekosea nini.

Bei ya siku moja ni dola mia kadhaa. Nyingi, sawa. Kosa la wengi ni kudhani wanalipia sehemu, kwa hiyo wanakaa na simu wakiweka alama za GPS kila boti inaposimama. Sehemu ya leo wiki ijayo inaweza kuwa maji matupu. Masika ya kule besi hupanda maji mafupi kutaga, joto likizidi huondoka. Anayenunua sehemu amenunua matokeo ya jana. Anayeuliza kwa nini tumesimama kwenye mti huu na siyo ule, kwa nini chambo cha rangi hii, kwa nini tumehama saa nne, huyo anaondoka na kitu atakachokitumia hata ziwa jingine.

Na kuna upande wa mwenyeji, ambao hausemwi sana. Sehemu zile ndizo mtaji wake. Ukirudi wikiendi ijayo na washikaji watano juu ya alama ulizoweka kwenye boti yake, umemla mara mbili. Baadhi yao wanakuambia mapema: hakuna GPS humu. Mimi siwaoni wachoyo hata kidogo.

Wanaotaka kujaribu hapa kwetu, besi yupo Naivasha, Kenya. Aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929. Mwaka 1970 wakaletwa na kamba wa maji baridi wa Louisiana, na besi akawafanya chakula chake. Hilo pekee linakupa fununu ya chambo cha kubeba. Lakini LiveScope haikuambii kiboko ametoka upande gani asubuhi hii. Kijana wa boti pale anajua, na kwa hilo usimpunguzie bei.