RIPOTI YA ZAMU SIYO SALAMU (Sehemu ya 4)

Wauguzi wenzangu, leo nasema bila kupepesa macho.

"Mgonjwa ameamka salama, anaendelea vizuri." Eti hiyo ndiyo ripoti ya usiku! Hiyo ni salamu.

Muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, haandiki kwenye daftari lake "wadeni wanaendelea vizuri". Anaandika jina, kiasi, tarehe ya kulipa. Na vile ni vitenge tu. Sisi tumekabidhiwa roho za watu.

Chukua mama mwenye kifafa cha mimba aliyechomwa magnesiamu salfeti. Anayeingia asubuhi anatakiwa ajue: dozi gani, saa ngapi, presha ngapi. Kabla ya dozi inayofuata, mama awe anapumua angalau mara 16 kwa dakika, mguu uruke goti likigongwa, mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Ukiandika "kapewa dawa", unamwachia mwenzio abahatishe. Akirudia mapema, mama anaweza kushindwa kupumua. Akiacha, degedege linaweza kurudi.

Najua mtasema wodi imejaa na muuguzi ni mmoja. Kweli kabisa. Ndiyo maana anayekupokea hana muda wa kukupigia simu ukiwa kwenye daladala!

Kabla hujashika kalamu jiulize: anayenipokea afanye nini kwanza? Hicho kiandike juu kabisa. Kisha ulichokiona, ulichofanya, saa ngapi, na kilichobaki.

Usichokiandika, kwake yeye hakijafanyika.