Waliokosa Udaktari? Majibu kwa Wanaoibeza Shahada ya Uuguzi

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la maombi ya vyuo kufunguliwa, kila nyumba yenye kijana aliyesoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) hupata washauri wa bure. Mjomba, jirani, mwalimu mstaafu, hata binamu aliyewahi kulazwa wiki moja hospitali ya mkoa: wote wanajua. Kijana akitaja udaktari, wanaitikia kwa kuridhika. Akitaja shahada ya uuguzi, maneno yanaanza. Ni yaleyale mwaka hadi mwaka, na mengi yana punje ya ukweli ndani yake, ndiyo maana hayafutiki kwa kupuuzwa.

"Hiyo ni kozi ya waliokosa udaktari."

Wapo walioingia uuguzi kwa sababu nafasi za udaktari ziliwaponyoka. Sibishi. Ila sababu iliyomfikisha mtu darasani haituambii anafundishwa nini humo. Shahada ya uuguzi nchini Tanzania ni miaka minne ya masomo, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Kemia na Biolojia za kidato cha sita ni lazima. Mwaka wa kwanza kuna anatomia, fiziolojia, baiokemia na mikrobaiolojia, na wapo wanaodisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, hapohapo, kama wanavyodisko wenzao wa udaktari.

Baadaye njia zinaachana. Daktari anafundishwa kuutafuta ugonjwa na kuamua tiba. Muuguzi anafundishwa kukaa na mgonjwa usiku na mchana, kutambua anapoanza kubadilika kabla hajazidiwa, na kujua la kufanya katika dakika hizo. Ni elimu mbili. Ndiyo maana anayejiandikisha uuguzi huku akinong'ona kwamba "nitahamia MD baadaye" anajidanganya: mitaala haifanani, na akitaka udaktari ataanza upya miaka mitano ya watu.

"Kazi ni ileile, stashahada inatosha."

Hili ndilo dai zito kuliko yote, na linatolewa hata na wauguzi wenyewe. Tulitendee haki. Wodi nyingi za wilayani na vituo vya afya vinaendeshwa na wenye cheti na stashahada. Kwenye muundo wa utumishi wanaitwa Muuguzi na Afisa Muuguzi Msaidizi. Mwenye shahada anaitwa Afisa Muuguzi. Huyo Afisa Muuguzi mpya, aliyemaliza chuo juzi, mara nyingi ataonyeshwa na Msaidizi wake namna ya kuupata mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji, na asipokuwa na adabu ya kujifunza atakuwa mzigo wodini.

Sasa chukua usiku mmoja kwenye wodi ya wazazi. Mama mwenye kifafa cha mimba ameletwa, daktari wa zamu yuko chumba cha upasuaji. Dawa ni magnesiamu salfeti. Iliyomo kabatini ni ya asilimia 50. Inayotakiwa kuingia mshipani ni gramu 4 katika nguvu ya asilimia 20. Kwa hiyo unavuta mililita 8 za dawa, unaongeza mililita 12 za maji ya sindano, unapata mililita 20, unazipitisha polepole. Hesabu hiyo mwenye stashahada anaijua pia. Kisha linakuja la pili: dawa hii ikizidi inazima pumzi. Lazima upime kama goti bado linaruka likigongwa, kama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, kama mkojo haupungui mililita 30 kwa saa, na kalsiamu glukoneti iwe karibu ikiwa mambo yataharibika. Kwa nini goti? Kwa nini mkojo? Kwa sababu dawa hulegeza mawasiliano ya neva na misuli, na hutolewa mwilini na figo. Figo zikizembea, kipimo kilichokuwa salama saa mbili zilizopita si salama tena.

Mtu anaweza kukariri orodha ile bila kujua sababu, na siku nyingi ataokoa maisha. Siku mgonjwa asipofanana na kitabu, aliyeelewa sababu ndiye anayejua afanye nini. Miaka ya ziada chuoni, ikifundishwa vizuri, inanunua hicho. Nasema ikifundishwa vizuri, kwani shahada iliyosomwa kwa slaidi na mitihani ya kuchagua majibu tu haimzidi chochote mwenye stashahada aliyepita mikono ya sista mkali.

Utafiti upo pia. Mwaka 2014 jarida la The Lancet lilichapisha kazi iliyoongozwa na Linda Aiken wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, iliyohusu hospitali 300 katika nchi 9 za Ulaya na wagonjwa zaidi ya 420,000 waliofanyiwa upasuaji. Palipokuwa na ongezeko la asilimia 10 ya wauguzi wenye shahada, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 ulikuwa pungufu kwa asilimia 7. Ulaya si Tandahimba, na takwimu za namna hii zinaonyesha mambo yanayokwenda pamoja bila kuthibitisha kwamba moja limelizaa jingine. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi alipandisha uwezekano huo wa kufariki kwa asilimia 7. Wanaopenda kunukuu nusu ya kwanza wainukuu na ya pili, hasa wanapopanga idadi ya wauguzi wa zamu ya usiku.

Na mwenye stashahada hajafungiwa mlango. Akiwa na wastani mzuri na ufaulu unaotakiwa wa kidato cha nne, anaweza kuomba shahada kwa sifa linganishi. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza mwaka 2001 kuwafundisha wauguzi wa Afrika Mashariki waliokwisha kuwa kazini, bila kuwalazimisha kuacha kazi. Akishapata shahada, kuna uzamili: Muhimbili wana uuguzi wa wagonjwa mahututi, ukunga, afya ya akili.

"Mwenye shahada hashiki beseni."

Huu ni uzushi unaopendwa na wanafunzi wachache wavivu. Unapomwogesha mgonjwa asiyejigeuza, ndipo unaiona ngozi ya makalio imeanza kuwa nyekundu, mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, au ameanza kuongea mambo yasiyoeleweka. Faili haliwezi kukuonyesha hayo. Anayesoma shahada ili aketi katika ofisi ya matroni asome utawala.

"Ni kazi ya kike."

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilisema takribani asilimia 90 ya wauguzi duniani ni wanawake. Hiyo inaeleza nani ameifanya kazi mpaka leo, haisemi nani anaiweza. Ingia darasa lolote la uuguzi Dodoma au Mwanza uone wavulana walivyojaa. Tuendelee.

"Ukisoma afya, ajira inakusubiri."

Hapa washauri wanageuka kuwa wenye matumaini, nami nalazimika kuwa mchungu. Uhaba wa watumishi wa afya ni kitu kimoja, nafasi yenye bajeti ya mshahara ni kitu kingine. Machi 2017 Rais Magufuli alikubali kuipa Kenya madaktari 500 wa Kitanzania. Mahakama ya Nairobi ilipozuia mpango huo, serikali iliwaajiri nyumbani madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda. Watu 258 wenye shahada walikuwepo, bila kazi, katika nchi yenye uhaba wa madaktari. Sioni kwa nini muuguzi ajione salama zaidi.

Ukimaliza chuo kuna mwaka wa vitendo, kuna mtihani na usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, kisha kuna kusubiri matangazo ya ajira. Na kama ulisoma kwa bumu, Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wako hadi deni liishe. Piga hesabu hiyo kabla hujaanza kumwahidi mama nyumba.

"Basi utakwenda Uingereza."

Wapo waliokwenda. Lakini Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye uhaba mkubwa, na Uingereza inawakataza waajiri na mawakala wake kuja kuwinda wauguzi katika nchi hizo. Mtu binafsi anaruhusiwa kuomba mwenyewe. Ukipita njia ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS, baraza la uuguzi la huko linataka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kisha mtihani wa kompyuta na wa vitendo. Wakala anayekuitisha hela ya "kukuunganisha na hospitali ya London" mjibu kwa kumwomba leseni yake.

"Uuguzi ni wito, usiulize pesa."

Ajabu ni kwamba husemwa na watu wasiowahi kukesha zamu tatu mfululizo. Uliza pesa. Uliza na mengine: je, kozi imetambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu na Baraza la Uuguzi pia, au na mmoja tu? Wanafunzi watapelekwa hospitali ipi, yenye vitanda vingapi, na wangapi watasimama kuzunguka mgonjwa mmoja? Nani atakaa nao wodini, mwalimu wa chuo au muuguzi wa zamu mwenye wagonjwa wake thelathini? Ofisi ya udahili inayoshindwa kujibu hilo la mwisho haistahili ada yako, hata kama majengo yake ni mapya.