Reli Tatu, Mji Mmoja

Msafiri wa kutoka Unguja anayeteremka botini katika bandari ya Dar es Salaam hana mwendo mrefu kufika Stesheni. Tangu mwaka 2024, ilipoanza treni ya umeme, aweza kupanda pale na kuwasili Dodoma siku ile ile. Lakini ikiwa safari yake ni ya kwa nduguze Yombo, katika Wilaya ya Temeke, hakuna treni ya kumchukua kutoka Stesheni, ijapokuwa Yombo nako reli inapita. Itambidi atafute daladala. Kinachozitenga reli hizo mbili ni milimita 67.

Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, ina milimita 1,067, ipate kuungana na reli za Zambia na za nchi za kusini. Reli mpya ya SGR ina milimita 1,435. Kila kipimo kilichaguliwa kwa ajili ya safari za mbali: Kigoma, Kapiri Mposhi, Dodoma. Hakuna hata kimoja kilichochaguliwa kwa ajili ya mfanyakazi wa Gongo la Mboto anayetakiwa awe kazini saa moja na nusu asubuhi.

Mfanyakazi huyo alikumbukwa Oktoba 2012, wakati Wizara ya Uchukuzi chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ilipoanzisha treni za mjini. Moja ilikwenda kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa. Nyingine ilipita katika reli ya TAZARA, kati ya Mwakanga na Kurasini. Wananchi wakaiita treni ya Mwakyembe, na hawakusema hivyo kwa kejeli. Mwaka 2016 ikafuata ya Pugu. Uamuzi ule ulikuwa wa busara, na sisi tungali tunausifu.

Hata hivyo, treni hizo zilianza kama mgeni aliyepewa kitanda cha sebuleni. Reli ya Kati ni ya njia moja. Treni inayokwenda ikiwa njiani, inayorudi haina budi kungoja mahali pa kupishana. Mizigo ya bandarini nayo inapita humo humo. Ndiyo maana abiria wa mjini alipangiwa asubuhi na jioni, na mchana akaachiwa barabara. Na Kinondoni, ambayo mwaka 2012 iliigusa reli kwa ncha ya Ubungo tu, haina hata ncha hiyo tangu Ubungo ilipofanywa wilaya yake yenyewe. Watu wa Tegeta na Bunju husikia habari za treni kama sisi tunavyosikia habari za theluji.

Wasomaji wetu wa visiwani wasidhani kwamba haya ni mambo ya bara peke yake. Unguja ilikuwa na treni ya abiria wa mjini zaidi ya miaka mia moja kabla ya hiyo ya Mwakyembe: reli ya Bububu, ya maili saba, iliyoanza mwaka 1905. Ilitoweka katika miaka ya 1920, na leo wengi wanaoipita njia ile kila siku hawajui kwamba palikuwa na reli.

Sasa imepatikana nafasi ambayo haikuwapo mwaka 2012. Abiria wengi wa Morogoro na Dodoma wamehamia SGR. Twauliza Shirika la Reli: kwa nini kipande cha reli ya zamani kati ya Stesheni na Pugu kisitengewe wakazi wa mji kwa saa nyingi zaidi, mchana na usiku pia? Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 4,364,541 katika Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 iliwahesabu 5,383,728. Ongezeko hilo la watu zaidi ya milioni moja halikupata nyumba Kariakoo. Limekwenda pembezoni.

Kubomoa reli ili zote ziwe na upana mmoja ni gharama isiyo na maana, wala hatuliombi. Abiria aweza kubadili treni iwapo hatatozwa nauli mara mbili na hatangoja nusu saa juani. Njia ya mabasi yaendayo haraka ya Barabara ya Nyerere inapita mbele ya stesheni ya TAZARA. Tiketi moja ya treni na basi ingemfikisha mtu wa Yombo mjini bila ya kung'oa hata msumari mmoja.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni TAZARA yenyewe. Mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya China wa kuikarabati na kuiendesha, na maneno mengi yaliyosemwa yalihusu shaba ya Zambia. Shaba ina watetezi wa kutosha. Tunawaomba wakuu wa Wizara, pamoja na Halmashauri ya Temeke, wawaeleze wananchi hadharani ni saa ngapi za kila siku zimewekwa kwa ajili ya abiria wa Mwakanga, Yombo na Kurasini, na ni nani atakayejenga majukwaa na vivuko salama mahali ambapo watoto wa shule hukatiza reli. Maelezo hayo yatolewe kabla kazi haijafika Yombo.