Ua lisiloogopa ukame, na mdomo wa mtoto

Mwezi uliopita, nyumbani kwa dada yangu hapa Kimandolu, tulimkuta mwanaye wa miaka miwili ameshika ua la waridi wa jangwani, na petali nyingine iko mdomoni.

Dada aliupanda mche huo kwa sababu tunayoijua sote. Kuanzia Juni mvua hukatika, na ndoo ya maji haiendi kwenye maua wakati nguo za shule hazijafuliwa. Anataka ua linalojitegemea.

Tatizo ni kwamba kichaka cha pakavu hakikubali kuliwa ovyo, maana kuotesha jani jipya bila maji ni kazi. Vingi hujilinda kwa miiba au kwa sumu. Hata Australia, baadhi ya vichaka vya jamii ya Eremophila, vinavyopendwa bustanini kwa kustahimili ukame, vina sayanidi inayoua mifugo.

Kwetu, angalia hivi vitatu:

Waridi wa jangwani: lina shina nene na maua ya pinki. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hutumia utomvu wa jamii hii kupaka mishale. Sumu yake hushambulia moyo.

Oleanda: ina majani marefu membamba na maua meupe au ya pinki. Sehemu zake zote zina sumu ya moyo. Ukikata matawi, usiyatie jikoni kama kuni. Hata moshi wake una madhara.

Mnyaa wa uzio: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza na unaweza kuharibu uwezo wa kuona.

Mtoto akitafuna, toa mabaki mdomoni na umsukutue kwa maji. Usimtapishe, wala usimpe maziwa ukidhani yanaua sumu. Wahi hospitali hata kama anacheza, ukibeba tawi la mmea huo ili daktari aujue. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha nenda hospitali.

Si lazima ung'oe kila kitu. Mwenye watoto wadogo apande bogenvilia, ambayo shida yake kubwa ni miiba.

Mpwa wetu aliangaliwa hadi jioni, akarudi salama. Mche umehamia juu ya ukuta, na dada ameshaulizia bogenvilia.