Bwana Shamba: Ziwa Linapokula Nchi Kavu



Mwezi huu tuzungumze juu ya ukingo wa ziwa. Musoma na Bunda ziko kando ya maji. Kijiji cha Butiama kiko mbali kidogo, lakini vijito vya huko huteremka ziwani.

Kwanza tutazame Dar es Salaam. Mji ule mkubwa uko kando ya bahari. Kule Kunduchi mawimbi yamekula ufuko na kuangusha nyumba. Kwa nini? Mito huleta mchanga, na mchanga huo ndio hujaza ufuko. Watu waliuchimba ili wajengee. Mikoko ilikatwa. Matumbawe yalivunjwa kwa baruti. Bahari nayo inapanda, kwa sababu dunia inazidi kuwa na joto. Ikabidi Serikali ijenge kuta za kuzuia mawimbi, zikazinduliwa mwaka 2018. Ukuta mmoja uko Kigamboni, kwenye Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Hata chuo chenye jina la mwana wa Butiama kilihitaji ukuta!

Ziwa letu halina chumvi, lakini lina mawimbi. Tena hupanda na kushuka. Kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Mei 2020 lilipita kidogo kipimo cha mwaka 1964. Mwaka 2024 likapanda tena. Penye matete na mafunjo, wimbi huchoka njiani. Palipolimwa mpaka majini, udongo unakwenda.

Najua mtasema, "Bwana Shamba, nyanya za kando ya maji ni rahisi kumwagilia." Ni kweli. Na lori la mchanga hulipa siku ileile. Lakini shimo linabaki, na mama aliyekuwa akianika dagaa pale hana tena pa kuanika.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa. Ni kama hatua 80 za mtu mzima. Palipokwisha kulimwa, acheni matete yaote. Hayahitaji mbegu ya kununua. Mchanga wa kujengea, serikali ya kijiji ionyeshe machimbo mbali na ziwa, na mbali na vijito pia. Mchanga wa kijito ndio chakula cha ufuko.

Pimeni kabla ya masika. Mimi nashauri mwanzie pale maji yalipofika mwaka 2020. Wazee wa mwaloni wanapajua.