Mwenye Enzi Naye Ana Mpaka

Enyi ndugu zangu wa Karuba, na ninyi mlio msituni Walikale, hebu tulieni tuzungumze juu ya jambo moja ambalo tumelizoea hata tukadhani ni kadari ya Mungu: mtu kushikwa njiani, akafungiwa siku tatu au nne, wala asiambiwe kosa lake, mpaka jamaa zake wauze mbuzi wapate kumkomboa.

Dhuluma hii si ngeni duniani. Mfalme John wa Uingereza aliwatoza raia zake mali bila kiasi, akawafunga aliowachukia, hata makabaila wake wakatoka na silaha, wakamlazimisha, mwezi wa Juni 1215, katika uwanda wa Runnymede kando ya mto Thames, aitie muhuri hati iitwayo Magna Carta. Fungu la 39 lilisema ya kwamba mtu huru hatashikwa wala hatanyang'anywa mali yake ila kwa hukumu ya wenziwe au kwa sheria ya nchi. Na la 40, kwamba haki haitauzwa, haitanyimwa, wala haitacheleweshwa. Nakiri kwamba hati ile haikuwafaa wakulima waliofungwa na ardhi ya mabwana, nao walikuwa wengi, na kwamba Papa Innocent wa Tatu aliibatilisha kabla ya miezi mitatu kutimia. Lakini ilirudishwa 1216, na tena 1225.

Wala asitokee mtu akasema hayo ni ya Wazungu. Kwa Wanyanga wa Walikale, mwami, yaani chifu, hakuupata umwami kwa kuzaliwa tu, bali alitawazwa na bandirabitambo, wazee wenye siri za enzi, na aliyetawazwa na wazee hakuwa na budi kuwasikiliza. Wabelgiji waliotutawala ndio walioilegeza kamba hiyo iliyomfunga mwami kwa wazee wake: chifu alipovikwa nishani ya serikali, alianza kumwogopa bwana mkubwa wa wilaya kuliko wazee wake.

Leo maneno ya Runnymede yamo katika Katiba yetu ya 18 Februari 2006. Kifungu cha 18 chaamuru anayeshikwa aambiwe mara moja sababu, kwa lugha anayoifahamu, na asizuiliwe zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kufikishwa mbele ya mamlaka ya sheria. Kifungu cha 207 chaitambua mamlaka ya kimila, kwa sharti isiipinge Katiba. Basi mwenye bunduki akudaiye jetoni, ile risiti ya kodi yake, penye bariera, akakufungia usipokuwa nayo, hana hata herufi moja ya kumtetea.

Simshauri mama mwenye gunia la viazi mgongoni asimame peke yake abishane na silaha. Hiyo ni hatari tupu. Wazee wa barza, mapadri, wachungaji na walimu, nendeni pamoja, kabla saa 48 hazijaisha, mkaulize: kosa lake nini, na aliyemhukumu ni nani? Makabaila wa 1215 hawakwenda mmoja mmoja. Na mwalimu mwenye daftari aanze kesho kuandika jina la kila anayeshikwa, na saa aliyoshikwa.